Baba Amechagua Ishirini

Jumamosi, 1 Machi

Dada anayemfundisha Baba kusema upya ameniambia niwe naandika. "Kila akitoa neno jipya, andika," kasema, "hata kama ni tusi." Haya, naandika. Neno la leo ni ishirini.

Baba yangu alikuwa dalali wa mnada. Mdomo wake ndio uliotulisha, ukatuvisha, ukaijenga nyumba hii ya vyumba vitatu. Aliweza kumuuzia kabati lisilo na mlango mtu aliyekuja kutafuta kitanda. Mwaka jana kiharusi kikampiga. Mkono umerudi, mguu umerudi nusu, maneno hayajarudi. Anaelewa kila kitu, ukimtania anacheka, lakini kuomba kijiko ni safari. Mama alishatangulia na mimi ni mtoto wa pekee, kwa hiyo nimefunga nyumba yangu, na miaka yangu thelathini na miwili nikarudi kulala kwenye kitanda changu cha shule.

Dada huyo wa mazoezi anasema Baba asiongee na mimi tu, anahitaji watu wa kumcheka na kucheka naye. Watu wa namna hiyo ninao watatu, wenzangu wa mchezo. Basi mchezo wetu wa Jumamosi mchana tumeuhamishia sebuleni kwetu, na Baba kavutiwa kiti.

Si mchezo wa karata. Ni hadithi. Kila mtu anajitungia mhusika, mimi nasimulia yanayowakuta, na dadu zinaamua nani kafaulu na nani kaumbuka. Tunaishi kwenye chombo cha anga, miaka mia tano ijayo, mbali sana na dunia. Chombo kinaitwa Sufuria, kwa kuwa aliyekichora ni Bonge na hicho ndicho kilichotoka. Bonge ni binamu yangu, mwokaji wa mikate. Mwalimu ni mwanamke mwenzangu, rafiki yangu wa tangu zamani, anafundisha hesabu. Kinyozi ni kinyozi, ana maneno kuliko wateja wake wote, na mimi nampenda, basi, nimeshaandika.

Mhusika lazima awe na umri, na umri hautolewi bure. Wote wanaanzia ishirini. Ukitaka mkubwa zaidi unaongeza miaka minne minne. Kila minne inakupa ufundi mmoja, lakini lazima utueleze kwa mdomo wako mwenyewe mtu wako aliitumiaje. Ukivuka arubaini unarusha dadu, huenda ukapoteza jicho. Sheria hii niliitunga mimi na naionea fahari. Mwalimu amejitungia mwanamke wa arubaini na nne, fundi mkuu wa injini, goti moja bovu. Bonge ana daktari wa thelathini na sita. Kinyozi ana rubani wa ishirini na nane anayedaiwa na kila sayari.

"Na wewe Baba, mtu wako ana miaka mingapi?"

"Ishirini," akasema, bila kukwama.

Kinyozi akapiga kofi mezani. "Mzee karudi ujana bila hata kunyoa!"

Wakacheka, Baba naye akacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu. Mtu wa sitini na saba, ndevu nyeupe, anajiita kijana wa ishirini mbele za watu. Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya baba yangu mzazi.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Paa linavuja: ndoo mbili sebuleni, bakuli moja ukumbini.

Jumamosi, 8 Machi

Maneno mapya: kimbia, ruka, mlango, mimi. Kijana wa Baba anakimbia kila mahali. Palipo na shimo anaruka, palipo na moto anaingia. Nimempa koti la anga, la kumlinda hewa ikiisha, maana kwa mwendo ule hatamaliza mwezi. Baba akaniambia "sante". Mwalimu akanikonyeza kwa furaha.

Kinyozi alipokuwa anaaga aliniuliza kama Baba huwa anajua yuko wapi. Nikamjibu anajua sana. Lakini swali hilo litanikaa rohoni wiki nzima, nalijua.

Alhamisi, 13 Machi

Kazini siku nzima nasaga lenzi. Mimi ndiye fundi wa duka la miwani: mpimaji anapima macho chumbani, mimi nyuma nachonga lenzi ziingie kwenye fremu. Leo kifua kinamsumbua mpimaji, akaniomba nimsaidie na bibi mmoja, nimuulize tu lenzi ipi inaonyesha vizuri, hii au hii. Bibi anafikiri. Anataka arudishiwe ile ya kwanza. Anafikiri tena. Nikaona tutafunga duka tukiwa hapo. "Ya pili, si ndiyo bibi?" nikamwambia. Akasema, "Haya, ya pili." Nikaandika ya pili.

Jumamosi, 22 Machi

Ee Mungu wangu, leo.

Chombo kilikuwa kimetulia, hakuna vita, watu wanapiga soga chumba cha injini. Baba akajisogeza na kiti chake mpaka karibu na Mwalimu. Akajishika kifua kuonyesha kijana. Akamnyooshea kidole kuonyesha fundi wa injini.

"Mimi... we... oa."

"Lo! Kijana anamposa bosi!" Kinyozi akapiga kelele.

Mwalimu hakutoka kwenye uhusika hata kidogo. Akakaza uso. "Kijana, wewe una nini cha kunipa mimi?"

Baba akafikiri. Tulisubiri mpaka nikaanza kusikia ndoo inavyojaa. "Ka... kabati," akasema. Akainua kidole, bado hajamaliza. "Halina... mlango."

Bonge alianguka kwenye mkeka. Mwalimu alijifuta machozi. Kinyozi akasema hajawahi kuona posa tamu kama hii. Na mimi? Mimi niliona mate yanayomtoka Baba pembeni mwa mdomo, upande ule uliolegea, na mkono wake umeshika kiti cha mwanamke wa umri wangu, na Kinyozi anatazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Baba, inatosha sasa," nikasema, kwa sauti ile tunayowasemesha watoto wa watu wanaporuka juu ya makochi yetu.

Kicheko kikakatika. Baba akarudisha kiti chake mahali pake.

Maneno mapya: oa, kabati, halina, mlango. La mwisho nilishaliandika.

Jumanne, 25 Machi

Bibi karudi na miwani, anajikwaa ngazini. Lenzi ya jicho la kushoto si yake. Mpimaji kaniuliza kama bibi mwenyewe ndiye aliyechagua. Nimesema ndiyo.

Jumamosi, 29 Machi

Baba kasema "njaa" akiwa na maana ya njaa. Sikuwa na hamu ya kucheza, nikawaambia kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 5 Aprili

Nikiandika haya mkono hautaki.

Waliwahi, wakaloa wote. Kinyozi kaingia akimtania Baba, "Bwana harusi hujambo?" na Baba akanyoosha kola. Hapo ndipo nilipokasirika. Sijui nilikasirika nini hasa. Nilijiambia wanamfanya kichekesho. Nilijiambia namlinda.

Tulipoanza tu nikasema, "Hewa inavuja kwenye chumba cha kijana wa Baba. Rusha dadu." Akarusha. Ikatoka moja na mbili.

"Amekufa," nikasema.

"Si ana koti la anga?" Bonge akauliza.

"Hana."

Analo. Nilimpa mwenyewe, wote walikuwepo. Hakuna aliyebisha, maana msimulizi ni mimi, na nadhani walitahayari kwa niaba yangu. Baba alinitazama, akashika kifua chake pale linapofungwa koti, akagonga mara mbili. Nikajifanya natafuta kalamu.

"Sasa Baba, tumtengeneze mtu mwingine. Wa umri unaokufaa. Sitini na nane, unaonaje?"

"Mwache achague mwenyewe," Mwalimu akasema.

"Hana neno. Au siyo Baba?"

Nikaandika sitini na nane. Ishirini mpaka sitini na nane ni minne kumi na miwili, na kila minne ina hadithi yake, na sheria ni sheria. "Haya Baba. Minne ya kwanza. Alifanya nini?"

Baba akavuta pumzi. "Ali... alikuwa... m... mto..."

"Mtoto wa shule?"

Akatikisa kichwa. "Mto..."

"Mtoni? Mtoro?"

Kinyozi alianza kucheka, akajizuia. Baba akatikisa kichwa tena, kwa nguvu. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji, na mvua yenyewe ile ya baridi. "Ali..."

"Tuseme alikuwa mtoro," nikasema. "Minne ya pili."

Akafungua mdomo nikamjazia. Alikuwa mpishi? Haya, mpishi. Alikuwa mlinzi? Mlinzi basi. Mwalimu akaniita kwa jina langu, kimya kimya. Sikugeuka. Nilikuwa nimeshika kasi kama mtu anayeteremka mlima, kusimama hawezi. Nikampa kifungo, nikampa safari, nikampa duka likaungua. Nilimpangia maisha mazima huku yeye amekaa mbele yangu anakamata herufi moja moja. Nilipofika minne ya tisa nikasema, "Hapa alifiwa na mke."

"Basi," akasema Baba.

Lilitoka safi kabisa, lote, kwa sauti yake ya mnadani. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akashika ukuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango. Bonge ndiye aliyekiokota kiti. Mwalimu akakusanya vikombe bila kuniangalia. Kinyozi, ambaye siku hizi zote nimekuwa nikiogopa ataonaje, alisema tu, "Dah, umemuonea mzee," akavaa viatu vyake vilivyoloa.

Neno la leo ni basi.

Jumapili, 6 Aprili

Hakuna neno.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakuna.

Ijumaa, 11 Aprili

Anaonyesha kwa kidole. Chumvi, kidole. Dirisha, kidole. Nikimuuliza "Unataka maji?" anaitikia kwa kichwa hata kama hataki, ili niondoke. Leo alikunywa vikombe vitatu vya maji asiyoyataka.

Jumamosi, 12 Aprili

Hawakuja. Sikuwaalika.

Jumatano, 16 Aprili

Mwalimu kaja dukani, fremu yake imelegea bawaba. Nilikuwa nasaga kingo za lenzi nikashukuru mashine ina kelele. Akasubiri mpaka nilipoizima.

"Nikuulize," akasema. "Unadhani kwa nini alichagua ishirini?"

"Si anataka ujana. Kila mzee anataka."

"Shoga, wewe ndiye uliyetunga sheria. Ukichagua ishirini unasimulia nini?"

"Husimulii kitu. Unaanzia hapo hapo."

Akanitazama juu ya miwani yake iliyopinda. Nikaelewa hapo hapo. Pale mezani kila umri ulikuwa unaomba maneno, isipokuwa mmoja. Baba alisikiliza sheria yangu yote, akapiga hesabu zake za kidalali, akanunua kitu pekee alichokuwa na uwezo nacho. Na alikitumia! Kimbia, ruka, oa. Nami nikamnyang'anya, nikampa miaka arubaini na minane ya kusimulia, mtu asiyeweza kuomba kijiko.

"Yule siku ile alikuwa anasema nini?" nikamuuliza Mwalimu. "Mto, mto."

"Sijui. Hukumpa nafasi tukajua."

Nilikaza bawaba yake. Skrubu ikaniponyoka mara mbili.

Jumanne, 22 Aprili

Dada wa mazoezi amemaliza somo la Baba, kaniita ukumbini. Anasema Baba amerudi nyuma. Hajaribu. Akiona neno gumu linakuja anafumba mdomo kabla halijafika. "Kuna mtu anamsemea?" akauliza.

Nikasema siyo kila siku.

Jibu gani hilo! Nimetoka dukani nasema uongo wa bibi wa miwani, nafika nyumbani nasema uongo wa Baba. Kumbe mtu anaweza kuwa na huruma, akapika, akafua, akamvisha mzee soksi kila asubuhi, na bado akawa mtu mbaya wa kukaa naye.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemwambia mpimaji ukweli kuhusu bibi, kwamba lenzi nilichagua mimi. Kanikemea, na haki yake. Bibi atapimwa upya Ijumaa.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Tumekaa sebuleni na ndoo zetu, Baba na mimi, kila mtu na upande wake wa dirisha.

Jumapili, 4 Mei

Nilimkuta anapiga rangi viatu vyake vya mnadani, vile asivyovivaa tena. Nikakaa chini, kwenye mkeka. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu, ikapotea yote.

"Nisamehe Baba. Nilikuonea. Niliona aibu ya watu, nikakuonea wewe."

Aliendelea kusugua kiatu. Halafu akakiweka chini. "Ni... ni..."

"Niondoke?"

Akapiga sakafu kwa kiganja. Paa! Nikafunga mdomo. Hata dakika ya kuomba msamaha siwezi kumwachia mtu herufi zake! Niliuma ulimi, kweli kweli, kwa meno, nikakaa.

Mvua ikanyesha. Jirani akaita mtoto wake, mtoto akaitika, akaingia ndani. Baba alikuwa anahangaika na taya lake, mimi naangalia kisigino cha kiatu ili nisimwangalie.

"Nita... cheza," akasema. "Wao. Waje."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wewe..." Akatafuta. Akapata. "Hapana."

Nililielewa mara moja, na bado nikajifanya mjinga kwa dakika nzima moyoni, labda ana maana nyingine. Hakuwa na maana nyingine. Anataka wenzangu, anataka mchezo wangu, anataka sebule, mimi nisiwepo. Nilitaka kumwambia kwamba mchezo ule nimeutunga mimi. Nilitaka kumwambia nimeacha nyumba yangu.

"Sawa, Baba," nikasema.

Akachukua kiatu cha pili. Majuto mjukuu, husemwa, huja kinyume. Wangu amekuja mapema, amekaa na mimi kwenye mkeka.

Jumamosi, 10 Mei

Mwalimu ndiye msimulizi sasa. Niliwafungulia mlango, nikasalimiana nao, nikaingia jikoni nikarudisha mlango. Kinyozi alinifuata kuchukua glasi. Nikamwambia mzee hanitaki mezani. "Najua," akasema. "Katuonyesha kwa kidole." Akanipa pole, kwa upole, nami nikaona ni afadhali angenicheka.

Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Upande wa pili nilimsikia akikwama, kimya kirefu kikapita, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitasa. Neno nililijua! Lilikuwa "ngazi", mtoto mdogo angelijua. Nikaurudisha mkono. Halafu Baba akasema, "Ngazi," na Bonge akasema, "Haya, tunapanda," na mchezo ukaendelea.

Alhamisi, 15 Mei

Dada wa mazoezi: "Mbona anajaribu tena! Umefanya nini?"

"Nimetoka chumbani," nikamwambia. Hakucheka. Aliandika kwenye karatasi yake.

Na mimi Baba bado ananipa maneno machache. Chai. Asante. Funga. Ya kwao anayatumia yote, ya kwangu anayapima.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imepungua. Nimesikia Baba akibishana na Kinyozi kuhusu bei ya injini chakavu. Alikuwa anakwama kila hatua na bado alimshinda.

Jumamosi, 24 Mei

Jua limetoka. Nimemwaga ndoo zote.

Leo Mwalimu alitangaza kwamba Sufuria inahitaji nahodha, na nahodha awe wa Baba. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikauacha. Sikusogea mlangoni. Kuta zenyewe nyembamba.

"Mzee wangu, nahodha wetu ana umri gani?"

Nilisubiri ishirini.

"Thela... thini," akasema Baba. "Na mbili."

"Ni mwanamume?"

"Mke. Mwanamke."

Bonge akakohoa. Nilihisi uso unawaka pale peke yangu na ungo mkononi. Thelathini na miwili ni minne mitatu ya kusimulia. Alikuwa amejitwika mwenyewe, na mtu mwenyewe ni mimi.

"Haya," Mwalimu akasema. "Minne ya kwanza."

"Alikata..." Ikapita pumzi, na nyingine. "Vioo. Vya macho."

"Ya pili?"

"Nyumba. Yake. M... mbali."

"Huyu mwanamke anaongeaje?" Kinyozi akauliza.

"Yangu," akasema Baba.

"Anaongea maneno yako?"

"Yote."

Walicheka mpaka meza ikasogea. Na mimi nilistahili, kila kicheko nilistahili. Nilikuwa nimesimama na aibu yangu yote, na siwezi hata kusema kwamba ananisingizia.

"Na minne ya mwisho, mzee? Ishirini na nane mpaka thelathini na miwili."

"Baba yake... a... akaanguka."

Kicheko kiliisha. "Naye akafanya nini?" Mwalimu akauliza, taratibu.

Nilimsikia akivuta hewa, akikosa, akivuta tena. Tulilijua neno sote wanne, wao kule na mimi huku, na hakuna aliyempa. Nilishika ukingo wa sinki. Nilifikiri labda halipo, labda analotafuta ni lingine kabisa, na kwamba nina haki ya kulisikia hilo pia.

"Akarudi," akasema Baba.

Mwalimu akaandika. "Amerudi, sawa. Kila minne ina ufundi wake. Wa kwanza vioo. Wa pili nyumba yake mwenyewe. Kwa hii ya kurudi, tumwandikie ufundi gani?"

Baba alifikiri muda mrefu kuliko wote. Sikuhesabu, nilikuwa nalia.

"Bado... ana... jifunza," akasema. "Ku... nya... maza."

Wakaangua kicheko, Baba juu ya wote. Nami nikacheka pia, jikoni, kanga imenijaa mdomoni ili wasinisikie.